Mtoto Akililia Wembe: Miaka Yangu ya Kutengeneza Visu kwa Mkono

Asubuhi moja ya mwezi wa pili nilirudi nyumbani kutoka zamu ya usiku saa mbili kasoro kumi. Kijana wangu wa miaka 14 alikuwa bafuni anapiga mswaki, na mkoba wake wa shule ulikuwa sakafuni karibu na mlango. Nikauinua ili nimwekee chupa ya maji kama ninavyofanya siku zote. Mkono ukagusa kitu kigumu kilichoviringishwa ndani ya taulo la jikoni. Nilikijua kabla sijakifungua. Kilikuwa kisu tulichokitengeneza pamoja, mimi na yeye, kwenye banda letu nyuma ya nyumba.

Niliketi palepale kwenye ngazi, koti bado mwilini. Habari za wagonjwa sizisemi, maadili ya kazi hayaniruhusu. Lakini kila muuguzi aliyefanya kazi ya dharura katika mji mkubwa wa Uingereza anajua jeraha la kisu lilivyo: tundu dogo nje, balaa kubwa ndani. Na mara nyingi mno aliyelala kitandani ni mtoto wa mtu, ana ndevu tatu kidevuni, anauliza kama mama yake ameshapigiwa simu.

Wasomaji wa gazeti hili wamewahi kuniuliza ninafanya nini nikiwa sina zamu. Kwa muda mrefu nilikuwa najibu kwamba napika na kulala. Leo nitasema kweli: natengeneza visu. Nitaeleza nilivyoanza, kisu kinavyotengenezwa, na namna asubuhi ile ilivyokaribia kunifanya niache kabisa.

Viriba vya babu

Kwetu ni Ugweno, Upare wa Kaskazini. Ukoo wetu ni wa Washana, na aliyesoma historia ya Wapare anajua kwamba Washana ndio waliokuwa wahunzi, tena walitawala Ugweno kabla Wasuya hawajawanyang'anya utawala. Wazee wa zamani walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito, wakauyeyusha kwa mkaa, wakafua majembe, mikuki na visu. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wateja wakubwa wa chuma hicho.

Babu yangu hakuyeyusha mchanga. Siku zake chuma kilitoka kwenye springi za malori yaliyokufa. Lakini moto, nyundo na fuawe vilikuwa vilevile, na viriba vya ngozi ya mbuzi pia. Mila haikupenda mtoto wa kike akae karibu na moto wa mhunzi. Babu aliniambia nikae nje ya kizingiti. Kisha siku moja mjukuu wa kiume aliyekuwa akivukuta akaugua malaria, na babu akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka minane. Nilivukuta mpaka jioni, mikono ikafa ganzi. Tangu siku hiyo kizingiti kikasahaulika.

Nilisoma diploma ya uuguzi nyumbani, nikafanya kazi wilayani, kisha nikaja Uingereza kusoma digrii na kubaki kazini. Nikapangiwa mji wa Sheffield. Sikujua chochote kuhusu mji huo. Wiki ya kwanza nikanunua kisu cha jikoni cha mtumba, na kwenye bapa lake pameandikwa jina la mji ninaoishi. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimevuka bahari nikaangukia tena kwa wahunzi.

Mji uliokula visu na kuliwa navyo

Sheffield imefua visu kwa zaidi ya miaka 600. Mshairi Chaucer alikitaja kisu cha Sheffield katika karne ya 14. Chama cha mafundi wa visu wa eneo hilo, kinachoitwa Company of Cutlers in Hallamshire, kilianzishwa kwa sheria mwaka 1624 na kingali hai. Mwaka 1913 Harry Brearley, mtoto wa mfanyakazi wa viwanda vya chuma wa hapahapa, alitengeneza chuma kisichoshika kutu, kile ambacho leo kimo kwenye kila kijiko na kila sinia la vifaa vya upasuaji ninalolifungua kazini.

Palikuwa na mafundi wadogo waliofanya kazi peke yao katika vyumba vya kupanga, mmoja mmoja na jiriwa lake. Wa mwisho kusifika sana ni Stan Shaw, aliyeanza kazi akiwa na miaka 14, akatengeneza visu vya kukunja kwa zaidi ya miaka 70, akafariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94. Kwangu mimi huyo ndiye mfano wa mtu aliyeipenda kazi ya mikono hadi siku zake za mwisho.

Lakini kama muuguzi, kilichonishika zaidi ni habari ya wasagaji. Kabla ya mashine za kunyonya vumbi, kisu kilinolewa kwenye jiwe kubwa linalozunguka. Waliosaga kwenye jiwe kavu walivuta vumbi la jiwe na chuma kutwa nzima. Mapafu yalikakamaa. Mwaka 1845 Friedrich Engels, akimnukuu daktari wa Sheffield, aliandika kwamba msagaji wa jiwe kavu kwa wastani hakuishi zaidi ya miaka 35 hivi, na wa jiwe lenye maji mara chache alivuka 45. Wasagaji wa uma na sindano ndio walioteseka zaidi. Ugonjwa huo leo tunauita silikosisi, na bado hauna dawa ya kuuponya.

Ndiyo maana mtu akija bandani kwangu, kitu cha kwanza ninachompa ni barakoa, kabla hata ya tupa.

Kisu cha kwanza, hatua kwa hatua

Nilirudi kwenye kazi ya babu majira ya baridi ya mwaka 2020, wakati wa korona. Zamu zilikuwa nzito, na nikifika nyumbani usingizi haukuja. Nilihitaji kazi ambayo mwisho wake ninauona kwa macho. Nikanunua kipande cha chuma, tupa mbili na jiriwa la mtumba, nikaanza.

Watu hudhani kisu hakitengenezwi bila moto mkubwa na nyundo. Sivyo. Njia rahisi kwa anayeanza ni kukata na kupunguza: unachukua bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 hivi, unachora umbo la kisu, unakata kwa msumeno wa chuma, kisha unapunguza kwa tupa mpaka umbo litoke. Inachosha mabega, lakini haihitaji mashine hata moja. Kisu changu cha kwanza kilinimalizia Jumamosi nne.

Chagua chuma unachokijua. Babu alitumia springi za lori, na ni chuma kizuri, lakini springi kuukuu huwa na nyufa zisizoonekana, na anayeanza hana jicho la kuziona. Nunua chuma kipya chenye kaboni kiasi cha asilimia 0.8. Chuma laini cha kutengenezea madirisha hakifai: kina kaboni kidogo, na hata ukikipasha namna gani hakishiki makali. Usitie motoni kamwe kitu kilichopakwa zinki. Moshi wake huleta homa na mitetemeko usiku kucha.

Ukimaliza umbo na kutoboa matundu ya mpini, ndipo moto unaingia. Hapa ndipo kipande cha chuma kinapogeuka kisu. Pasha mpaka chuma kiive chekundu. Kila baada ya muda kiguse kwa sumaku. Kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Hapo ongeza moto kidogo, kisha kizamishe katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa mpaka uvuguvugu. Kwa dakika ile chuma kimekuwa kigumu kama kioo, na kama kioo kitavunjika kikianguka. Mimi najua, kwa kuwa kisu changu cha kwanza kilianguka sakafuni jioni ileile, kikatoka vipande viwili. Nililia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba babu hakukiacha kisu baada ya kukizima; alikirudisha kwenye makaa yaliyofifia, akakitazama kinavyobadilika rangi.

Hiyo ndiyo hatua niliyoiruka. Kisu kilichozimwa lazima kipashwe tena polepole ili kipunguze ukavu. Tanuri la jikoni linatosha: nyuzi 200, saa mbili, kiache kipoe, kisha saa mbili nyingine. Kikitoka kina rangi ya mabua makavu. Sasa ni kigumu cha kushika makali, na pia kina uvumilivu wa kutovunjika. Babu hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na macho.

Baada ya hapo ni msasa, kuanzia wa 120 hadi wa 400, kisha mpini: vipande viwili vya mbao, gundi ya epoksi, ribiti mbili za shaba. Mwisho ni kinoo chenye maji. Lalia kisu kwa nyuzi 15 hadi 20 kila upande, sukuma bila haraka. Nyanya ndiyo mtihani. Kikipita ganda lake bila kulibonyeza, umefaulu.

Neno moja kuhusu mpingo. Wengi tunautamani kwa sababu ni mti wa nyumbani, na kwa mpini hauna mpinzani. Lakini tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake wote inasimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo usifungashe magogo kwenye sanduku ukitoka likizo bila kuuliza vibali. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kifua cha baadhi ya watu. Mimi natumia mti wa tufaha uliokatwa na jirani.

Muuguzi akiwa bandani

Haya nayasema kwa kofia ya kazi yangu. Barakoa iwe ya kuzuia vumbi laini, ile tunayoiita FFP3 hospitalini. Kitambaa cha korona hakitoshi. Vaa miwani ya kukinga macho hata kwa kazi ya dakika moja. Karibu na moto vaa pamba, si nailoni, maana nailoni huyeyuka na kugandia ngozi. Unapotumia mashine ya kutoboa vua glavu, maana mashine huikamata glavu na kuuvuta mkono. Mafuta yakishika moto funika kwa mfuniko wa chuma, usimwage maji.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala asali. Ukijikata, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Na kama hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda, uliza kituo chako cha afya kabla hujaanza.

Siku ya mkoba

Sasa nirudi kwenye ngazi.

Mwanangu alitoka bafuni, akaona taulo mapajani mwangu, akasimama. Nikamuuliza, "Hiki kinakwenda wapi?"

Akasema, "Kwa mwalimu wa ufundi, Mama. Hakuamini kwamba nimekitengeneza mimi."

Nilimwamini. Bado namwamini. Lakini nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Hapa England na Wales, kubeba kisu hadharani au shuleni bila sababu halali ni kosa la jinai, na mtu mzima anaweza kufungwa hadi miaka minne. Kinachoruhusiwa ni kisu kidogo cha kukunja kisichojifunga, makali yake yasizidi inchi 3. Umri wa kuwajibika kwa jinai ni miaka 10. Kisu chetu kilikuwa na bapa la inchi 6 lisilokunjika. Na mtoto wangu ni mweusi, mrefu kuliko miaka yake. Ningechelewa basi kwa dakika kumi, siku ile ingeisha kwenye kituo cha polisi, na hakuna ambaye angeanza kwa kuuliza habari za Ugweno.

Nilimpeleka shule bila kusema zaidi. Niliporudi nikafunga banda kwa kufuli, nikaweka ufunguo kwenye kabati la dawa. Miezi miwili hatukuugusa. Kazini kila aliyeletwa na jeraha nilimwona kama hukumu yangu. Nilijiambia: wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, umkate ajifunze. Nami nimeona walivyokatwa. Huo wembe simpi mtu.

Mwanangu naye alinuna. Hakupiga kelele, alikuwa tu anajibu "sawa" kwa kila kitu, na mzazi wa kijana anajua "sawa" hiyo inavyouma.

Jumapili moja nikampigia simu baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye tanuri la babu siku hizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekonda?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Unamkumbuka yule bwana wa kule bondeni aliyegombana na ndugu yake kuhusu mpaka wa shamba?"

Sikumkumbuka.

"Alikuja jioni anahema, anataka panga limalizwe usiku uleule, analipa mara mbili. Babu yako akamwambia mkaa umekwisha, arudi baada ya siku tatu. Nilikuwa kijana, nikataka kusema kwamba gunia zima liko nyuma ya mlango. Akanikanyaga mguu. Siku ya tatu yule bwana akaja, ametulia, akachukua panga, akaenda kufyeka. Babu yako hakuwahi kukosa mkaa maishani mwake."

Tukacheka wote wawili. Kisha akaongeza, "Kutengeneza ni nusu ya kazi, mwanangu. Nusu nyingine ni kujua kisu kinatoka saa ngapi na mkononi mwa nani. Hiyo nusu ulimfundisha mtoto?"

Sikuwa nimemfundisha. Nilimfundisha sumaku, mafuta na msasa. Nikadhani yaliyobaki anayajua.

Tulivyokata ncha

Mwaka 2005 madaktari watatu wa idara ya dharura ya London waliandika katika jarida la BMJ kwamba kisu kirefu cha jikoni hakihitaji ncha kali. Waliwauliza wapishi, na wapishi wakakubali kwamba kazi nyingi za jikoni hazitumii ncha hiyo. Nilikuwa nimeusoma waraka huo nikiwa mwanafunzi, nikafaulu mtihani, nikausahau. Baada ya simu ya baba mkubwa niliutafuta tena.

Nikamwita mwanangu bandani. Nikamwambia kwanza kwamba nilikosea kumnyamazia. Kisha nikamweleza sheria, moja moja, na nikamweleza, bila kutaja mtu, ninachokiona usiku. Sikuwahi kumwambia kabla ya hapo. Alisikiliza akitazama mikono yake. Mwisho akauliza, "Sasa tukiharibu?"

Nikamwambia hatukiharibu. Tukakiweka kwenye jiriwa, tukapokezana tupa. Chuma kilichokwisha kuzimwa hakiliki kwa tupa, inateleza tu, kwa hiyo ilitubidi tutumie jiwe la kusagia na maji, polepole, kisu kisipate moto na kupoteza ugumu wake. Ilituchukua mchana mzima kuiondoa ncha na kuacha mviringo. Kinachinja kitunguu kama zamani. Kuchoma hakichomi.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna masharti. Kila kisu hulala kwenye sanduku lenye kufuli na ufunguo ni wangu. Yeye hafanyi kazi bandani nikiwa sipo. Hakuna kisu kinachotoka nje ya nyumba mkononi mwake. Visu vyote virefu tunavitengeneza bila ncha. Na mtu akija kutaka kisu akiwa na haraka, mkaa umekwisha.

Shuleni alipeleka picha za kila hatua pamoja na vipande viwili vya mti wa tufaha. Mwalimu akaamini.

Mzazi mwenzangu, usikopi masharti yangu bila kuangalia sheria za unakoishi. Wenzetu wa Oman mnaishi katika nchi ambayo jambia limo kwenye bendera, na ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2022. Kijana wa huko hulivaa harusini na hakuna anayeshtuka. Hapa Uingereza hata uuzaji una mipaka: England na Wales ni kosa kumuuzia kisu aliye chini ya miaka 18, na tangu Septemba 2024 visu na mapanga ya mtindo wa "zombie" ni marufuku hata kuwa navyo nyumbani. Marekani kila jimbo lina yake. Na ukisafiri, kisu ni cha sanduku la kupakiwa chini ya ndege, kimefungwa vizuri, si cha mkoba wa mkononi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisitafute kazi nyingine ya mikono, nifume sweta. Nimejiuliza pia. Usiku mwingine bado najiuliza. Lakini visu vipo katika kila droo ya kila jikoni la mji huu, nikitengeneza nisipotengeneza. Mwanangu atakua kati yake. Naona heri akijue kisu kwa jasho lake, ajue kinachukua Jumamosi ngapi, kuliko akijue kwa hofu au kwa kujionyesha mbele ya wenzake.

Desemba tunakwenda nyumbani, Mungu akipenda. Kisu kisicho na ncha kitakuwa ndani ya sanduku kubwa, kimefungwa kwa ngozi, ni zawadi ya baba mkubwa. Mwanangu ana wasiwasi atachekwa kwa kupeleka kisu kwa mhunzi. Nimemwambia asubiri aone mzee atakavyokigeuzageuza, na atakapofika kwenye mviringo ule aulizwe yeye mwenyewe, na ajibu yeye mwenyewe.